Pini ya Shekha Haikuwa Kwenye Mtandio

Siku ya harusi kule Mambrui, mjinga alikuwa Saad. Ukimuuliza leo, atakwambia mwenyewe kabla hujamaliza swali.

Saad ni fundi wa cherehani mjini Malindi, mtaa wa Maweni. Anashona kanzu, mabuibui na sare za shule. Cherehani yake ameiweka barazani, ili kila apitaye apate salamu na utani. Muuza samaki ataulizwa kama samaki wake wamekwenda likizo. Mzee mwenye tumbo atapimwa kanzu, kisha ataambiwa kitambaa kimeomba msaada. Hakuna anayepona.

Mkewe anaitwa Shekha. Wana mtoto mmoja, Umair, ambaye bado anajifunza kutembea. Shekha ni mwepesi wa kucheka. Kwa sababu hiyo Saad alimpenda, na kwa sababu hiyo nusura ampoteze.

Asubuhi ile Shekha alisimama mbele ya kioo, anafunga mtandio wake wa kijani. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika kitambaa. Pini yenye kichwa cha ushanga aliibana kwa midomo. Wanawake wengi mtaani hufanya hivyo. Mikono ina kazi, basi pini ikae wapi?

Saad akatokea nyuma yake. Alikuwa amejitanda mtandio mwingine wa Shekha juu ya kofia yake. Akatembea kwa madaha, mkono kiunoni, akabana sauti:

"Nipisheni! Nipisheni! Shangazi wa bibi harusi anapita! Nani kaficha sinia la biriani?"

Shekha akamwona kwenye kioo. Akacheka. Na mtu akicheka, kwanza huvuta pumzi.

Kicheko kikakatika. Shekha akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akajishika koo, akainama, akakohoa tena. Saad alimpiga mgongoni. Baada ya muda kikohozi kikatulia.

"Pini iko wapi?" Shekha aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

Wakatafuta mkekani. Wakakung'uta mtandio. Hawakuiona.

"Umeimeza," alisema Saad. "Usiogope. Itatoka kwa njia inayotokea biriani."

"Saad, naogopa."

"Kula ndizi hii iisukume. Twende, gari linatungoja."

Shekha akala ndizi. Wakaenda harusini. Akaimba na kupiga makofi kama wenzake, na kifua hakikumuuma. Ikawa ni hadithi ya kuchekesha watu, na Saad aliisimulia kwenye kila sinia aliloketi kulila.

Muda ukapita. Shekha akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha usiku na mchana. Mama yake Saad, Bi Sumeiya, alimchemshia tangawizi na asali. Akampa habasoda. Kikohozi hakikusikia. Siku moja Shekha alikohoa kwenye leso, akaona alama ya damu. Akaikunja leso haraka, lakini Saad alikwisha kuiona.

Siku hiyo Saad hakumtania mtu.

Walikwenda kliniki moja ya mtaani. Shekha akapigwa picha ya eksirei. Kabla ya picha aliuvua mtandio wake, akautundika kwenye msumari ulioko ukutani. Akavaa shuka aliyopewa. Akaambiwa avute pumzi, aishike. Ikawa tayari.

Daktari aliiweka picha kwenye taa. Mbavu zilionekana kama ngazi nyeupe. Katikati ya kifua palikuwa na kijistari cheupe, chembamba, kilicholala mshazari.

Daktari akacheka. "Mama, umesahau kuvua pini ya mtandio!"

"Mtandio niliuvua, daktari," alisema Shekha.

"Basi ilibaki kwenye nguo ya ndani. Hutokea kila siku. Mtu anakuja na mkufu, mwingine na kishikizo, mwingine na sarafu mfukoni. Picha inatuonyesha vyote."

Shekha akakaa kitako vizuri. "Daktari, kuna siku moja, nilipokuwa nafunga mtandio..."

Saad akamkatiza. Aliona daktari anacheka, naye hawezi kuacha kicheko kipite bure. "Msamehe, daktari. Mimi ni fundi wa cherehani. Nyumbani kwangu pini ni nyingi kuliko sisimizi. Hata kwenye wali zimo!"

Daktari akacheka zaidi. Muuguzi naye akacheka. Shekha akanyamaza.

Hapo ujinga wa Saad wa siku ya harusi ukapata ndugu yake.

"Mapafu nayaona mazuri," alisema daktari. "Kohozi tutalipima kama lina kifua kikuu. Chukua dawa hizi za kikohozi."

Kohozi likapimwa. Kifua kikuu hakikuonekana. Wakarudi nyumbani na dawa na ile picha. Dawa zikaisha. Kikohozi kikabaki.

Sasa Shekha alianza kupata homa za jioni. Akimbeba Umair kutoka barazani mpaka jikoni, ilimbidi aketi. Mtoto alimnyooshea mikono, naye alimtazama tu. Watu wa mtaa wakaanza kunong'ona. Bi Sumeiya akanunua kikombe kipya, akakiweka peke yake juu ya kabati.

"Hiki ni chako, mwanangu," alimwambia Shekha, bila kumtazama usoni.

"Mama, kohozi langu lilipimwa. Sina kifua kikuu."

"Najua, najua. Lakini kiwe chako tu."

Hata mgonjwa wa kifua kikuu hatengewi kikombe, maana ugonjwa ule hupita kwa hewa, na dawa zake zipo, na hupona. Lakini hofu haina masikio. Shekha alikinywea kikombe chake jikoni, peke yake, huku analia kimya kimya. Saad aliuona mgongo wake unatikisika. Akatafuta neno la kumchekesha, akalikosa.

Jioni moja jirani yao Kahaso alibisha hodi. Kahaso ni mwenyeji wa Magarini, na anafanya kazi kwenye chumba cha eksirei cha hospitali. Alifuata gauni lake.

"Hodi humu! Kaka Saad, gauni langu limeisha au bado linasali?"

"Karibu, Kahaso. Limebaki kola tu."

"Kola hiyo umeianza tangu mwezi wa Ramadhani!"

"Kola nzuri ni kama mwali, haitolewi mbio." Saad aliinama juu ya meza, chaki mkononi. Alikuwa anachora kola kwenye kitu kigumu, cheusi, kinachong'aa. Mkasi ulikuwa wazi, tayari kukata.

Kahaso akamshika mkono. "Ngoja! Hicho ni nini?"

"Hiki? Ni ile picha ya Shekha. Ni ngumu vizuri. Kielelezo cha kola kama hiki hupati dukani."

"Wewe kaka, una wazimu? Picha ya mgonjwa unaikata kola?"

Kutoka ndani wakasikia Shekha anakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kisichotaka kuisha. Kahaso alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaifuta chaki kwa kanga yake, akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Kikohozi hicho amekuwa nacho muda gani?"

"Tangu baada ya harusi ya Mambrui. Miezi sasa."

"Na hii pini?"

"Ah, hiyo ni ya mtandio. Alisahau kuivua."

"Sikusahau." Shekha alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kwenye fremu. "Nimesema tangu siku ile. Mtandio niliutundika kwenye msumari. Nguo ya ndani niliivua. Hakuna anayenisikia katika nyumba hii."

Kahaso akamgeukia. "Mimi nakusikia, dada. Kaa hapa. Ulipigwa picha ya mbele tu? Ya ubavuni hukupigwa?"

"Ya mbele tu."

"Kaka Saad, nipe kanzu moja." Kahaso akaitandaza kanzu juu ya meza. Akachukua pini, akaipenyeza mahali. "Sasa tazama kutoka juu. Pini hii iko kwenye kitambaa cha mbele au cha nyuma? Au iko katikati?"

Saad alitazama. Ni fundi wa miaka mingi, lakini hakuweza kujua. "Kutoka juu siwezi kusema. Kitambaa ni chepesi, naiona tu."

"Ukitaka kujua, unafanyaje?"

"Naiinua kanzu, naitazama kwa ubavuni."

"Na mtu ni hivyo hivyo. Picha ya eksirei ni kivuli. Kilicho mbele ya kifua, kilicho ndani, na kilicho nyuma, vyote vinalala pamoja kwenye karatasi moja. Pini iliyo kwenye nguo na pini iliyo ndani ya pafu hufanana kabisa. Ndiyo maana tunapiga ya pili, ya ubavuni. Na ndiyo maana tunawaambia watu wavue kila kitu, ili tusidanganyike."

Saad akaichomoa ile pini kwenye kanzu.

"Dada Shekha," aliuliza Kahaso polepole, "umewahi kumeza pini?"

Saad akadakia, "Siku ya harusi! Aliimeza, lakini nilimpa ndizi, ikatoka..."

"Uliiona ikitoka?"

Saad akatikisa kichwa.

"Sikuimeza," alisema Shekha. "Saad ndiye aliyesema nimeimeza, na mimi nikafuata. Nilikuwa nacheka. Niliivuta na pumzi."

"Ulikohoa?"

"Nilikohoa nikadhani nakufa. Kisha kikohozi kikaisha."

Kahaso akaiweka picha chini. "Kumeza ni jambo jingine, na kuvuta ni jambo jingine. Shingoni mna njia mbili. Moja ni ya chakula, inakwenda tumboni. Nyingine ni ya hewa, inakwenda mapafuni. Iliyomezwa mara nyingi hutoka yenyewe, ingawa nayo ni ya kumwonyesha daktari. Iliyovutwa haina njia ya kutokea. Inakaa. Kikohozi cha kwanza kikitulia, watu hudhani mambo yamekwisha. Kumbe kifua kimeizoea kwa muda tu, kisha kinaanza kuugua."

"Kwa hiyo pini iko ndani?" Saad aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi napiga picha, sitoi hukumu. Hukumu ni ya daktari. Lakini kesho asubuhi mwanzo wa kazi, mje wote wawili. Na usimpe ndizi!"

Kesho yake Kahaso alimpokea Shekha kama hajawahi kumjua, maana kazi ni kazi. "Una mimba? Huna. Umevaa mkufu? Vipuli? Kibanio cha nywele? Vua vyote. Mtandio umpe mumeo ashike nje." Saad akasimama nje ya mlango, amekumbatia mtandio wa kijani kama mtoto.

Ikapigwa picha ya mbele. Ikapigwa ya ubavuni.

Daktari wa hospitali aliitwa Musembi. Alizitazama picha mbili kwa muda mrefu. Hakucheka.

"Bi Shekha, ulisema kweli," alisema. "Pini haiko kwenye nguo. Iko ndani ya pafu lako la kulia, kwenye bomba la hewa. Kichwa chake cha ushanga kimetangulia chini, ncha iko juu. Ndiyo maana unakohoa, ndiyo maana unatoa damu. Na homa hizi ni kwa sababu sehemu ile imeanza kutunga usaha."

Shekha akafumba macho. "Alhamdulillahi," alisema.

Saad alishtuka. "Unashukuru?"

"Nashukuru nimeaminiwa."

Saad akatazama chini. Neno lile lilimwingia kuliko pini.

"Daktari, atapasuliwa?" aliuliza.

"Nitawaandikia muende Mombasa. Huko wana mrija mwembamba wenye kamera. Mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi, mrija unapita mdomoni mpaka kwenye pafu, na pini inashikwa na kuvutwa. Hakuna kisu. Lakini sitawaficha. Pini imekaa muda mrefu. Ikiwa nyama imeifunika, haitakubali kuvutwa, na hapo itabidi kifua kifunguliwe. Msikae tena hata siku moja."

Wakaenda Mombasa. Bi Sumeiya alifuatana nao, amembeba Umair.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa, Saad alikaa kwenye benchi. Kila mtu aliyemjua angeshangaa. Mfagizi alipita na ndoo inayolia kwi kwi kwi, na Saad hakusema kitu. Mzee mmoja aliketi karibu naye, kavaa kanzu iliyoshonwa kola upande, na Saad hakusema kitu. Alimchukua Umair kwa mama yake, akamweka kifuani.

"Mama," alisema, "mkewe mtu akisema jambo mara tatu, na mumewe akalicheka mara tatu, huyo ni mume gani?"

"Omba Mungu, mwanangu. Maswali baadaye."

Mlango ulifunguka. Daktari mwanamke akatoka, ameshusha barakoa. Mkononi alishika kichupa kidogo cha kioo. Akakitikisa.

Kling, kling.

"Ilikuwa imeanza kufunikwa na nyama," alisema. "Mara ya kwanza iliteleza. Mara ya pili iliteleza. Mara ya tatu ikakubali. Hatukukata kitu."

Bi Sumeiya akapiga kigelegele pale pale ukumbini. Muuguzi akamnyamazisha, lakini naye alikuwa anatabasamu. Saad akabaki benchini, analia na kucheka pamoja, na Umair anampangusa machozi.

Waliporuhusiwa kuingia, Shekha alikuwa amefungua macho. Alivuta pumzi polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akaivuta tena, ndefu. Hakukohoa.

"Saad," alinong'ona, "mbona umekuwa mzuri hivi?"

"Ni dawa ya usingizi, mke wangu. Ikiisha utaniona vile vile."

"Wewe bwana!" Muuguzi alimkemea. "Leo usimchekeshe mgonjwa!"

Shekha akapewa dawa za kukausha usaha. Homa ikaondoka. Damu ikakoma. Baada ya muda usio mrefu, watu wa Maweni walimwona anatoka sokoni, kapu mkono mmoja, Umair mkono wa pili, na pumzi yake shwari. Bi Sumeiya akakichukua kile kikombe kipya, akakitumia kupimia unga.

Saad alizichukua picha zote, ya zamani na mpya, akarudi kwenye ile kliniki ya mtaani. Alidhani daktari atakasirika. Daktari akazitazama, akajishika kichwa.

"Niliona pini, nikajipa jibu," alisema. "Sikumsikiliza mkeo."

"Hata mimi sikumsikiliza, daktari. Na mimi nalala naye nyumba moja."

Tangu hapo, kwenye kliniki ile kikionekana kitu cha ajabu pichani, mgonjwa huulizwa kwanza, nguo hukaguliwa, na picha hupigwa tena, na ya ubavuni pia.

Nyumbani nako mambo yakabadilika. Saad alishona kifundo cha kitambaa kilichojazwa pamba, akakifunga kwenye mkono wake wa kushoto. Pini zake zote hukaa hapo, na mdomo wake sasa una kazi moja tu, ya utani. Kisha akabuni mtandio wenye kishikizo kidogo kinachojificha chini ya kidevu. Hauhitaji pini. Wasichana wa shule waliupenda kwanza, kisha mama zao, na sasa hata kutoka Mambrui watu huuagiza.

Ijumaa moja wanawake wa mtaa walijaa barazani, wanajaribu mitandio. Shekha aliwaeleza, na Kahaso akamsaidia.

"Pini mdomoni, hapana," alisema Shekha. "Ikiwa huna budi, iweke kwenye kisahani. Na ikikuingia kwa pumzi, usingoje kikohozi kitulie. Nenda hospitali siku ile ile, useme: nimevuta pini. Usiseme nimemeza."

"Na ukienda kupigwa picha," aliongeza Kahaso, "vua kila chenye chuma. Ukiambiwa kitu kimebaki kwenye nguo, na wewe unajua ulikivua, usinyamaze. Sema mpaka usikiwe. Omba upigwe tena."

Wote walitikisa vichwa kukubali, isipokuwa Bi Sumeiya. Yeye alikuwa mbele ya kioo, anajitanda kwenda msikitini. Na pini ilikuwa inang'aa katikati ya midomo yake.

"Mama!" Saad aliruka. "Itoe hiyo!"

Bi Sumeiya aliitoa, lakini kwa hasira. "Acheni kunitisha! Mimi nimezibana pini mdomoni tangu sijaolewa. Nimezaa, nimelea, nimezika, nimeozesha, na pini mdomoni. Sijawahi kuvuta hata moja!"

"Lakini mama, daktari amesema..."

"Daktari kazaliwa jana!"

"Kahaso naye..."

"Kahaso namheshimu. Lakini nionyesheni mimi nina kasoro gani. Miaka yote hiyo! Mbona mimi pini hazinidhuru?"

Wanawake wakatazamana, na mmoja wao akaanza kuurudisha mtandio wenye kishikizo mezani.

Shekha akainuka, akampokea mavyaa wake ile pini, akaiweka kwenye kisahani.

"Kwa heshima zako, mama," alisema. "Wewe hukuolewa na Saad."